Kadi Yako Inaruhusu Mgeni Mmoja

Kama umewahi kusikia kuna mtu mzima, mwenye akili zake, aliyejifungia bafuni uwanja wa ndege ili mama mkwe wake apate nafasi ya kula mayai, mtu huyo ni mimi. Naitwa Lenox Were, fundi wa lifti, mkaazi wa Jamhuri. Watu nikiwaeleza hapo hucheka kidogo, halafu huanza kunihurumia mahali pasipofaa. Nihurumie kwa mengine. Zile dakika za bafuni zilikuwa afadhali kuliko zilizofuata.

Ivyne alifia Doha, Jumanne asubuhi, akiwa kazini. Alikuwa mapokezi kwenye hoteli, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, na mshipa ulimpasuka kichwani akiwa anampa mgeni funguo za chumba. Hayo nilielezwa kwa simu na msichana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Kwenye fomu zake za kazi, mahali pa kuandika jamaa wa karibu, alikuwa ameandika jina la mama yake. Siku ya kuzijaza mimi nilikuwa Juba, ndani ya shimo la lifti, na aliponipigia simu haikushika. Kwa hiyo mama ndiye aliyetakiwa kwenda kutia sahihi ili mwili utolewe. Mama hakuwa amewahi kupanda ndege. Mtu wa kumsindikiza alihitajika, na katika ukoo mzima aliyejua mambo ya viwanja vya ndege alikuwa mimi.

Sikusema mume ndiye aliyehitajika. Nilitaka kusema hivyo, lakini hapo ndipo palipokuwa na shida.

Mimi na Ivyne tulianza maisha kama wengi wanavyoanza Nairobi. Alikuja Jamhuri na begi moja wikendi moja, wikendi iliyofuata akaleta sufuria, kisha mapazia, na hakuondoka tena. Miaka minane. Mtoto hatukujaliwa. Mahari nilikuwa nipeleke kwao Kimilili, na sikuwa na nia ya kukwepa, Mungu ananijua. Kila Desemba tulipanga. Kila Desemba lifti ya watu fulani ikakwama Kigali au Lusaka, bosi akanitumia tiketi, nami nikamwambia Ivyne, mwaka ujao bila kukosa. Safari hizo zikanijazia maili, maili zikajaa hadi shirika la ndege likanipa kadi ya dhahabu, ile inayokuingiza kwenye launji, chumba cha mapumziko chenye viti laini na chakula cha bure. Mafundi wenzangu walinionea wivu. Mtu akiniuliza leo niliipataje kadi hiyo, jibu la kweli ni kwamba niliipata kwa kutokwenda Kimilili.

Kwa Wabukusu, mama na mume wa binti yake hawali chumba kimoja. Hawapeani mikono, hawakai wakitazamana usoni. Msidhani ni chuki. Ni heshima, na hakuna heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Mwanamume ambaye mama anaweza kukaa naye mezani wakala, huyo ni jirani, au fundi, au mpita njia. Mkwe hawi. Na huyu mama, ingawa sikuwa nimempelekea hata kamba ya ng'ombe, alinihesabu mkwe tangu siku ya kwanza. Akija kututembelea Jamhuri, mimi nilishuka kwenda kula kibandani, nikakaa huko hadi Ivyne anipigie simu aseme, "Panda, amemaliza." Miaka minane nilimjua mama kwa mgongo wake, kwa leso aliyojifunika kichwani, na kwa sauti yake ikinisalimu kutoka upande wa pili wa mlango. Jina lake ni Namalwa. Sikuwahi kulitamka akiwa karibu.

Kikao cha matanga kilifanyika Kabiria, nyumbani kwa Zedekiah, ndugu wa marehemu baba yake Ivyne. Kwangu Jamhuri walikataa kuja, na kutoka hapo nilijua upepo unavuma wapi. Zedekiah ni mtu wa kusema taratibu, na maneno yake huumiza zaidi kwa sababu hiyo.

"Sisi hapa hatujaona mtu," alisema. "Tunasikia kuna kijana alikuwa anaishi na msichana wetu huko Jamhuri. Ni sawa. Lakini hakuna mtu alibisha kwa mlango ya ndugu yangu. Msichana hajaolewa, atazikwa kwao."

Nikasema mimi ni mume wake. Nikasema kwetu Butula wameshaonyesha mahali pa kaburi, upande wa chini wa nyumba yangu niliyoijenga pamoja naye. Sauti yangu ilipanda, na mzee mmoja akaniambia nikae chini.

"Mama mtu ndiye ako na neno," Zedekiah akamaliza. "Akisema huyu ni mkwe, tutanyamaza, gari itaenda Butula. Akisema hapana, ni hapana."

Macho yote yakamgeukia mama. Hakusema kitu. Chakula kikaletwa, na nikamwona akiinuka na sahani yake, akaingia jikoni akala huko, kwa sababu mimi nilikuwa sebuleni. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya sahani ile. Usiku ule nililala nikiamini kwamba Ivyne bado ni mke wangu.

Siku mbili baadaye nilipita River Road kuchukua picha yake kubwa iliyokuwa ikichapishwa. Kinyanjui, mwenye mashine, akanionyesha pia programu ya mazishi ambayo Zedekiah alikuwa amempelekea. Ilisema binti wa fulani, mjukuu wa fulani, dada wa fulani na fulani. Jina langu halikuwemo. Mahali pa mazishi palikuwa pameachwa wazi.

"Hapa wameniambia ningoje," Kinyanjui alisema. "Wewe ni nani yake?"

"Mume wake."

Akanitazama, akaitazama karatasi, kisha akaanza kufunga picha kwenye gazeti bila kuuliza zaidi. Ningeweza kumpiga yule mtu, na hakuwa amenikosea lolote.

Tuliondoka Jumatatu. Tiketi zote mbili nililipia kwa maili zangu. Mama nilimwekea kiti cha mbele, mimi kiti cha nyuma kabisa, ili tusionane wakati wa kula. Kwenye teksi alikaa nyuma na leso yake, mimi mbele na dereva, na kutoka Kabiria hadi uwanjani alisema maneno matatu tu: tukipita Jamhuri, aliuliza, "Hapo ndio kwenyu?" Nikasema ndiyo. Nikalishika hilo neno "kwenyu" nikalizungusha kichwani njia nzima.

Ndunge, jirani wa Zedekiah, alikuwa amenivuta kando kabla hatujatoka. "Huyu mama hajakula tangu juzi, na ana dawa ya sukari ya saa sita," aliniambia. "Akimeza na tumbo tupu ataanguka huko kwa ndege. Hakikisha amekula, Lenox. Vile utajua."

Basi baada ya kukaguliwa na kugongewa mihuri, ilikuwa saa tano na nusu, ndege yetu ilikuwa ya saa nane, na mimi nikamwongoza mama hadi launji. Niliona ni jambo la heshima. Ndiyo makosa niliyoyafanya, na ni makosa ya mtu ambaye amekula chakula cha viwanja vya ndege hadi amesahau kwamba chakula kina wenyewe.

Mapokezi alikuwepo Mwelu, dada tunayejuana naye kwa sababu ya safari zangu.

"Mambo, Lenox. Leo umeleta mgeni?"

"Niko na mama."

"Karibu sana, mama. Kadi yako inaruhusu mgeni mmoja, kwa hivyo mko sawa. Mtaingia pamoja."

"Nataka aingie peke yake," nikasema. "Mimi nitakaa huku nje kwa viti vya kawaida."

"Hiyo haiwezekani. Mgeni hawezi kaa bila mwenye kadi. Ukitoka, na yeye anatoka."

"Ni mama mkwe, Mwelu. Hawezi kula nikiwa hapo."

Mwelu akatabasamu, akidhani ni utani wa wakwe. "Si ni familia tu? Ingieni mkule, ndege yenu iko mbali."

Nilisimama pale na pasi za watu wawili mkononi, nikamkumbuka Ivyne. Siku aliyosafiri kwenda Doha alitaka kuingia chumba hiki. Alikuwa ameisikia sifa yake kwangu miaka na miaka: kahawa, keki, viti vya kulala. Nilikuwa nimeshawaingiza wafanyakazi wenzangu, nilikuwa nimemwingiza binamu yangu Okinyi aliyejaza mifuko ya koti kwa korosho. Ivyne sikuwahi kumwingiza kwa sababu sikuwahi kusafiri naye popote. Siku yake ilipofika mimi nilikuwa Juba. Alinipigia akiwa nje ya mlango huuhuu, akasema wamemkataa, mwenye kadi lazima awepo. Alicheka akasema si neno, amebeba mahindi ya kuchoma. Ile ndiyo siku ya mwisho aliyokanyaga Kenya, na aliimaliza kwenye kiti cha chuma akila mahindi yaliyopoa.

Tukaingia. Chumba ni kimoja, meza ya chakula katikati, na popote ukikaa unaonekana. Nikamweka mama dirishani, uso kwa ndege, mgongo kwa watu. Nikamwomba mhudumu ampelekee mayai, chapati na chai, kisha nikajificha nyuma ya nguzo upande wa pili. Sahani ikafika. Mama hakuigusa. Baada ya muda akageuza shingo kidogo, akaona viatu vyangu vimechungulia nyuma ya nguzo, akarudisha uso dirishani. Saa ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Sasa elewa vile nilivyokuwa. Nilitaka ale, kwa sababu ni mgonjwa, na kwa sababu ni mama yake Ivyne. Na nilimwomba Mungu asile, si mbele yangu, kwa sababu kila dakika sahani ile ilipokaa bila kuguswa nilikuwa bado mkwe, na mke wangu alikuwa anakwenda Butula. Moyo wangu ulikuwa unavutwa pande mbili na kisahani cha mayai.

Nikarudi kwa Mwelu nikamwuliza kama bafu liko wazi. Akanipa taulo. Nikajifungia humo na nguo zangu zote, nikafungua maji yamwagike tu ili nisisikike, nikakaa juu ya kifuniko cha choo nikalia. Nililia kwa sauti, jinsi ambavyo sikuwa nimelia tangu ile simu ya Jumanne, kwa sababu hadi hapo nilikuwa nikitafuta karatasi, nikibishana na wazee, nikihesabu masaa ya safari. Nilimwita Ivyne kwa jina. Nikamwambia nimemletea mama yake kwenye launji. Nilijisikia mjinga, na bado niliendelea kumweleza: kuna keki, kuna juisi ya pasheni, mama amekaa dirishani anaona ndege. Nikampa mama nusu saa nzima. Nikawaza, akimaliza kula atameza dawa, nami nitatoka, na hakuna atakayekuwa amemwona mwingine. Nilikuwa na hakika nimeshinda.

Nikanawa uso, nikafungua mlango.

Mama hakuwa dirishani. Sahani ya kwanza ilikuwa palepale, mayai yamekauka. Yeye alikuwa kwenye meza ndogo iliyo mkabala na mlango wa bafu, hatua tatu kutoka kwangu, na mbele yake kulikuwa na sahani mbili mpya. Leso alikuwa ameivua, ameikunja, ameiweka mapajani. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa. Sikuwa najua.

"Keti," alisema.

"Mama, mimi narudi ndani. Wewe kula tu, bado kuna muda."

"Nimesema keti, Lenox."

Miaka minane hakuwa amewahi kuniita kwa jina. Nikakaa. Akanikazia macho usoni, macho ya Ivyne yale yale, mapana, yenye weusi kidogo chini. Akakata kipande cha chapati, akafungia yai ndani yake, akatia mdomoni. Akatafuna polepole akinitazama, akameza. Kisha akala kipande cha pili.

Nilijua. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria.

"Nakula ukiona," alisema, "ndio usiende ukasema nilikuzunguka. Zedekiah kila siku ananiambia, sema, sema. Mimi sikutaka kukuaibisha kwa baraza. Wewe ulipenda mtoto wangu, hiyo najua. Akinipigia simu ilikuwa ni Lenox hivi, Lenox vile. Kwa hivyo nikasema nitakwambia peke yako."

"Mama, nitaleta ng'ombe. Nikirudi tu, kabla hata ya mazishi. Kuna watu huleta baada ya mtu kufa, inakubalika."

"Najua inakubalika. Mimi sitaki." Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. "Nilitaka kuona yeye siku ya mahari, akicheka na wasichana wenzake. Nilikuwa nimeshona nguo. Kila mwaka mwezi wa kumi na mbili natoa hiyo nguo naanika, narudisha. Ng'ombe ya maiti itanisaidia na nini?"

Mhudumu alipita akachukua glasi chafu, akaenda zake.

"Na mimi miaka yote hiyo najificha," mama akaendelea. "Nakula jikoni kwa shemeji yangu, wanawake wananicheka. Wananiuliza, unaficha uso kwa nani, huyo mkwe yuko wapi? Nawaambia anakuja. Ivyne ananiambia, Mayi, anakuja Desemba, na mimi nawaambia anakuja Desemba. Nimekuheshimu kushinda vile watu huheshimu wakwe wamemaliza kila kitu. Saa hii nimechoka, baba. Mtoto amekufa. Wacha nikule chakula yangu."

Machozi yake yalikuwa yanashuka hadi kidevuni na alikuwa hayafuti. Aliendelea kula, kwa sababu dawa ilikuwa mezani, na kwa sababu alikuwa na njaa ya siku tatu.

"Atalala kwangu," alisema. "Kando ya baba yake. Nikitoka shamba nitakuwa nampita."

"Na mimi, mama?"

"Wewe utakuja. Hakuna mtu atakufukuza. Utakaa kwa kiti, utakula kwa meza na sisi wote. Hutakula nje tena."

Aliposema hivyo alikuwa ananifariji, na hilo ndilo sitaweza kulisahau. Alikuwa ananikaribisha. Sijawahi kupokelewa kwa upole namna ile na mtu yeyote wa ukoo ule, na kila neno la upole wake lilikuwa linamtoa Ivyne nyumbani kwangu, linamwondoa kule Butula, linanifanya mtu aliyewahi kuishi na msichana fulani huko Jamhuri. Nilitamani anigeuzie mgongo. Nilitamani ile leso irudi kichwani, anisalimu kupitia mlangoni kama zamani, anichukie kiheshima.

Mama akasukuma sahani ya pili hadi mbele yangu. Mayai, chapati mbili, vipande vya soseji alivyovipanga pembeni.

"Kula," alisema. "Hata wewe hujakula, naona. Tuko na safari ya kuenda kuleta mtu."

Ningeweza kukataa. Nimeifikiria dakika hiyo mara nyingi. Ningeinuka, nikaenda kukaa nje kwenye viti vya chuma, mlo usingekuwa umeliwa na watu wawili, na labda kule Kimilili ningekuwa na la kubishia. Lakini Mwelu angemtoa mama, kwa sababu mgeni habaki bila mwenye kadi, na dawa alikuwa hajaimeza. Na sitaki kudanganya, nilikuwa na njaa. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu Jumamosi.

Nikavuta sahani, nikakata chapati, nikala. Sote wawili tukala, uso kwa uso, hadi sahani zikaisha. Mama akameza dawa yake. Kisha akavuta birika, akanimiminia kikombe, akashika kijiko akangoja juu ya bakuli la sukari.

"Unawekanga ngapi?" aliuliza. Kwa miaka minane hakuwa amewahi kuniona nikinywa chai.